Kitundu, Uzito na Umbo: Nani Atawaeleza Watu wa Kibera na Kawangware?

Mjadala kuhusu istilahi umekuwa wa kudumu katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Aghalabu huanza na kuishia pale pale: iwapo chombo kinachokaa mezani kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, iwapo simu ya kubebwa mfukoni iitwe rununu au simu ya mkononi, iwapo kipanya kibaki kipanya au kiwe puku. Wanafunzi huyakariri maneno hayo kwa ajili ya mtihani, kisha hutoka ukumbini, wakapanda matatu na kumdai kondakta "chenji" yao. Si nia ya makala haya kuubeza mjadala huo. Nia yake ni kuuhamisha kutoka kwenye meza ya mwanaisimu hadi mahali ambapo kukosekana kwa neno kunaweza kumfanya mtu ameze dawa asiyoihitaji, au atie alama ya kidole gumba kwenye karatasi asiyoielewa.

Mahali penyewe si mbali. Makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, maarufu kama KEMRI, yako kwenye Barabara ya Mbagathi jijini Nairobi. Mtu akitoka langoni mwake hahitaji nauli ili afike Kibera. Katika maabara za taasisi kama hiyo kuna wataalamu wanaoweza kusoma vinasaba vya bakteria herufi kwa herufi. Ng'ambo ya pili kuna mama aliyempakata mtoto mwenye homa katika kliniki ya kuta za mabati, akisubiri kuambiwa kile ambacho majirani zake wote wamewahi kuambiwa: taifodi. Kati ya maabara na kliniki hiyo pana umbali ambao haupimwi kwa hatua za miguu. Sehemu ya umbali huo ni fedha, na sehemu yake ni sera. Lakini sehemu yake nyingine ni lugha, na hiyo ndiyo inayowahusu wasomaji wa jarida hili.

Teknolojia inayostahili kuangaliwa kwa makini ni ile ya vihisi vya vitundu-nano. Nanomita ni sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Hebu msomaji afikirie utando mwembamba unaotenganisha vyumba viwili vilivyojaa maji ya chumvi, na katika utando huo pawe na kitundu kimoja chenye upana wa nanomita chache tu. Umeme ukitiwa, ayoni za chumvi hupita kitunduni kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kupita huko ndiko kunakoitwa mkondo. Molekuli ikiingia katika kitundu, huziba sehemu ya njia, na mkondo hupungua. Chombo hakiioni molekuli. Kinachosoma ni upungufu wa mkondo: umepungua kwa kiasi gani, kwa muda gani, na umetikisika vipi katika muda huo.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni makavu. Mkazi wa Kibera ana maelezo bora zaidi, ingawa hajawahi kuulizwa. Tuchukue kichochoro, kile kinachopita kati ya kuta mbili za mabati na mtaro wa majitaka katikati. Alfajiri watu humiminika humo wakielekea vibaruani. Mtu aliyeketi kwenye mdomo wa kichochoro, upande wa barabara kuu, haoni kinachoendelea ndani. Anachokiona ni idadi ya watu wanaojitokeza kila dakika. Mara mkondo wa watu unapungua kidogo, kisha unarudi kama kawaida: pengine ni mwanamke mwenye karai kichwani. Mara unapungua karibu ukatike, na unakaa hivyo kwa muda: huo ni mkokoteni wa mitungi ya maji. Kisha anakuja fundi aliyebeba bati refu. Anapolishika kwa urefu, wengine humpenya ubavuni bila taabu. Anapofika penye kona bati hugeuka likawa mkingamo, mkondo ukakatika, likanyooka tena na mkondo ukarudi. Mwenye kuketi mdomoni mwa kichochoro akizoea kazi hiyo, ataweza kusema bila kuona: huyo alikuwa karai, huyo mkokoteni, huyo bati. Ukubwa ataujua kwa kiasi cha kuzibika. Umbo atalijua kwa jinsi kuzibika kulivyobadilika-badilika.

Hivyo ndivyo kihisi kinavyofanya kazi. Molekuli ya mviringo kama mpira huziba njia kwa kiasi kile kile hata ikijigeuza mara ngapi. Yenye umbo la punje ya mchele, au la dengu, huziba zaidi au kidogo kulingana na ilivyogeuka, na mtikisiko huo ndio saini ya umbo lake. Inafaa ieleweke kwamba katika maelezo haya yote halijahitajika neno hata moja lisilojulikana Laini Saba au Gatwekera, isipokuwa molekuli na ayoni.

Historia yake inastahili kutajwa kwa ufupi, maana baadhi ya wasomi wetu hudhani kwamba kila jambo la namna hii lilizuka jana. Mmarekani Wallace Coulter alipata hataza mwaka 1953 kwa mashine iliyohesabu chembe za damu kwa kuzipitisha kwenye tundu dogo na kusoma mabadiliko ya umeme. Mwaka 1989 David Deamer aliandika katika daftari lake wazo la kupitisha uzi wa vinasaba katika tundu dogo zaidi, na mwaka 1996 yeye, John Kasianowicz, Eric Brandin na Daniel Branton walichapisha ithibati kwamba jambo hilo lawezekana, wakitumia kitundu cha protini inayotengenezwa na bakteria. Mwaka 2007 Joseph Robertson, Kasianowicz na wenzao walionyesha kwamba kitundu kimoja chaweza kuzipambanua molekuli kwa uzito wake zikiwa majini, hata zinapotofautiana kwa pingili moja tu ya mnyororo. Mwaka 2017 kundi la Michael Mayer likachapisha kazi iliyokadiria umbo la protini moja moja kwa njia ya mtikisiko ulioelezwa hapo juu.

Mwanafunzi wa fasihi hana sababu ya kuikimbia habari hii. Amefundishwa tangu shule ya upili kwamba shairi la kimapokeo hutambuliwa kwa mizani yake na kwa umbo lake. Hesabu mizani za mshororo, tazama mpangilio wa vipande na vina, nawe utajua bahari kabla hujasoma maana. Neno mizani lenyewe limetoka sokoni, kwenye kupima uzito. Anayesema kwamba Kiswahili hakina fikra ya kukitambua kitu kwa uzito na umbo bila kukifungua ndani, hajakaa na diwani ya mashairi kwa makini.

Hapana budi kutofautisha yaliyokwisha kukomaa na yale yaliyo bado katika maabara. Kupima uzito na umbo la protini moja moja kungali kazi ya watafiti. Hakuna kliniki ya Kawangware inayofanya hivyo, na si haki kumwahidi mgonjwa kwamba itafanya kesho. Lililokomaa ni tawi la kusoma vinasaba. Kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza ilianza kuwagawia watafiti mashine iitwayo MinION mwaka 2014, chombo chenye uzito wa takriban gramu 100, kinachochomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Mwaka 2015 kilibebwa hadi Guinea kusoma virusi vya Ebola. Katika eneo letu, Laura Boykin, Joseph Ndunguru wa Tanzania, Titus Alicai wa Uganda na wenzao walichapisha mwaka 2019 maelezo ya jinsi walivyosoma vinasaba vya virusi vya muhogo shambani, chini ya mti, badala ya kupeleka majani maabara ya ng'ambo. Na ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi Machi 2020, watafiti wa mpango wa KEMRI na Wellcome Trust mjini Kilifi walitumia mashine za vitundu-nano kufuatilia jinsi virusi vilivyoingia na kusambaa pwani. Hivyo teknolojia yenyewe imekwisha kupiga hodi. Imekwisha kuingia, hasa. Iliyobaki nje ya mlango ni lugha yake.

Kwa nini Kibera na Kawangware? Kwa sababu homa ya matumbo, ambayo mitaani huitwa taifodi, ina historia ndefu huko, na kwa sababu kipimo chake kinachotumiwa sana ni cha kukisia. Utafiti wa Robert Breiman na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kiwango cha visa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka mjini Kibera, ikilinganishwa na visa 29 katika eneo la mashambani la Lwak, magharibi mwa Kenya. Hivyo ni visa vilivyothibitishwa kwa kuotesha bakteria kutoka kwenye damu, kazi inayochukua siku kadhaa na inayohitaji maabara yenye vifaa. Katika kliniki ndogo mambo ni mengine. Hapo hutumika kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, ambacho hakimtafuti mdudu bali hutafuta kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi yake. Kingamwili hizo huweza kuwa zimebaki tangu ugonjwa wa zamani, au zimeamshwa na ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana mtu akiingia kliniki karibu na kituo cha 46 au cha 56 pale Kawangware akiwa na mafua na uchovu, huenda akatoka na mfuko wa dawa za taifodi. Viuavijasumu hulipiwa, humezwa nusu, na bakteria huzoea.

Kuzoea huko si hofu ya kubuni. Katika utafiti wa Samuel Kariuki na wenzake uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu watoto wa mtaa wa mabanda jijini Nairobi, bakteria wa homa ya matumbo walipatikana kwa watoto 148 wenye homa, lakini pia kwa watoto 95 wasiokuwa na dalili yoyote. Vinasaba viliposomwa, wengi wa bakteria hao walikuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa pamoja, na wale wa wagonjwa na wa watoto wazima walikuwa wa koo zile zile, wamechanganyika. Mtoto anayecheza mpira uwanjani anaweza kuwa amebeba kile kinachomlaza jirani yake. Sasa, afisa wa afya atamwambiaje mzazi habari kama hiyo? Atasema "mtoto wako ni mbebaji"? Mbebaji wa nini, mizigo? Mwezi Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya ugonjwa huu, na swali hilo la lugha likaingia katika kila nyumba yenye mtoto wa miezi 9 hadi miaka 14.

Hapa ndipo makala haya yanapotoa msimamo wake. Istilahi za uchunguzi wa kitabibu zisiundwe kwa kigezo cha usanifu wa kiisimu pekee. Zipimwe kwanza kwa yule atakayeambiwa. Kigezo hicho kikifuatwa, baadhi ya maneno tunayoyapenda vitabuni yatafeli.

Mfano wa kwanza ni kinyweleo. Neno hili limezoeleka katika vitabu vya biolojia kwa maana ya tundu dogo la ngozi, na mwelekeo wa wengi ungekuwa kulichukua na kuliongezea "nano". Lakini kinyweleo kimebeba nywele ndani yake. Msikilizaji huona ngozi na jasho, haoni njia inayopitwa. Kitobo nacho kina aibu: kinatokana na kutoboa na kutoboka, na nguo au paa lililotoboka ni lililoharibika. Kuna kipenyo, neno zuri kuliko yote, lenye asili ya kupenya, na ambalo lilikuwa na maana ya nafasi ndogo ya kupenyea kabla jiometria haijalitwaa na kulifanya mstari unaokata duara katikati. Wanahisabati hawatalirudisha. Linabaki tundu, na udogo wake, kitundu. Wapo watakaopinga kwamba tundu ni la kuku pia. Ni kweli, lakini kuna tundu la sindano na tundu la pua, na hakuna mzungumzaji wa Kiswahili aliyewahi kuchanganyikiwa akajaribu kupitisha kuku kwenye sindano. Kitundu tambuzi, kwa kufuata mfano wa fasihi linganishi, lingetosha kabisa kwa kliniki. Wataalamu wabaki na kihisi cha kitundu-nano.

Mfano wa pili una uzito zaidi. Wanafizikia wa Kiswahili hutenganisha uzito na tungamo, na wana haki, kwa kuwa dhana hizo mbili si moja. Hata hivyo, tungamo lina jamaa yake: damu hutungama. Mgonjwa aliyeketi mbele ya mtaalamu akaambiwa kwamba mashine imepima "tungamo la chembe katika damu yako" atasikia kwamba damu yake imeganda. Atarudi nyumbani na ugonjwa wa pili ambao hakuja nao. Katika tasnifu tungamo libaki. Mbele ya mgonjwa liseme uzito, na mwanafizikia avumilie.

Mfano wa tatu haumo kabisa katika orodha za istilahi mpya, nao ndio hatari kuliko yote: chanya. Kwa muda mrefu tumetumia chanya na hasi katika umeme na hesabu. Kisha wanahabari na wahakiki wakachukua chanya kwa maana ya kuzuri: mtazamo chanya, mabadiliko chanya, uhakiki chanya. Leo mtu akiambiwa "majibu yako ni chanya" ana haki ya kushukuru. Wahudumu wengi wameligundua jambo hilo wenyewe, wakaacha istilahi na kusema "umepatikana na" au "hukupatikana na". Hawakusubiri warsha ya mtu. Idara ya Kiswahili ilipaswa kuwa ya kwanza kuandika kwamba wahudumu hao wamefanya kazi bora ya uundaji istilahi.

Historia ya karibuni inaunga mkono kigezo hiki. UKIMWI ni neno lililoundwa, tena kwa ufupisho, njia ambayo wanaisimu wengi huitilia shaka. Lakini lilishika Afrika Mashariki nzima kwa sababu upungufu wa kinga mwilini ni maelezo ambayo mtu anaweza kuyafungua na kuyaelewa. UVIKO-19 liliundwa kwa njia hiyo hiyo na likatumika rasmi Tanzania, ilhali Nairobi watu waliendelea kusema Korona, kwa kuwa tayari walikuwa na neno. Barakoa ni kisa kitamu zaidi. Ni neno la zamani la pwani na la Omani, la kifuniko cha uso cha wanawake. Wengi wa bara hawakulijua. Mwaka 2020 lilitoka kwenye sanduku la bibi na kuingia katika taarifa ya habari. Vijana wa mitaani walisema maski, lakini walielewa barakoa waliposikia, maana kitu chenyewe kilikuwa usoni mwao. Waama, neno hufuata kitu mkononi. Tatizo la kitundu-nano ni kwamba kitu hakionekani, na hivyo neno lenyewe linalazimika kufanya kazi ya jicho.

Yapo mapingamizi mawili ambayo hayafai kupuuzwa. La kwanza husema: mgonjwa hahitaji kujua mashine inavyofanya kazi, anahitaji kupona. Nani amewahi kuelezwa jinsi eksirei inavyopita mwilini? Pingamizi hili lina nguvu kwa mtu anayetibiwa. Halina nguvu kwa mtu anayeombwa kutoa damu yake kwa ajili ya utafiti, na wakazi wa Kibera wameombwa hivyo kwa miaka mingi. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mtumiaji wa huduma kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Katiba ya mwaka 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Fomu za idhini hutafsiriwa, naam. Lakini tafsiri iliyofanywa kwa kubadilisha neno kwa neno, na mtu asiyemjua msomaji wake, hutimiza sharti la kamati na kuishia hapo. Sassy Molyneux na wenzake walipochunguza suala la idhini katika pwani ya Kenya, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2004, walikuta kwamba uelewa wa washiriki ulitofautiana sana na kwamba mambo ya msingi kuhusu utafiti aghalabu hayakueleweka vyema. Hiyo ilikuwa pwani, kwenye kitovu cha Kiswahili.

Na pale maelezo yanapokosekana, watu hujieleza wenyewe. Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki ina mumiani, mnyonya damu ambaye bibi zetu walimtumia kututisha, na enzi za ukoloni uvumi wa watu wanaochukua damu ulivuma hadi Nairobi, ukiwahusisha hata wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima mwaka 2000. Ni kosa kuuita uvumi huo ujinga. Ni hadithi iliyotungwa na watu walioona damu ikitolewa na wasione inakokwenda, wakaijaza nafasi iliyoachwa wazi kwa lugha waliyokuwa nayo. Mwanafunzi aliyefundishwa kuchambua visasili anapaswa kuwa wa kwanza kuitambua nafasi hiyo inapoachwa tena.

Pingamizi la pili hutoka ndani ya idara zetu wenyewe: kwamba Kiswahili cha Kibera na Kawangware si Kiswahili. Ni Sheng, kimechanganyika na Kiluhya, Kijaluo na Kikuyu, na pale Makina kimekaa bega kwa bega na Kinubi, lugha ambayo jina la Kibera lenyewe limetoka humo, kwa maana ya msitu. Kwa hiyo, husemwa, tukianzia huko tutachafua lugha. Jibu ni kwamba makala haya hayapendekezi istilahi za Sheng. Yanapendekeza istilahi sanifu zilizokwisha kupita masikioni mwa watu hao na kueleweka. Tundu, kuziba, kupenya, mkondo, uzito, umbo: ni lipi kati ya hayo si sanifu? Na ni lipi halieleweki pale Kawangware? Usanifu na uelewekaji hukutana mara nyingi kuliko tunavyokiri kwenye semina. Tatizo ni kwamba mkutano huo haufanyiki chuoni.

Pana jambo jingine ambalo teknolojia hii inalidokeza bila kukusudia. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, na idadi hiyo ilirudiwa katika ripoti na hotuba. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Wapo waliopinga hesabu hiyo, na mjadala wake hauhusiki hapa. Linalohusika ni tofauti ya kumtaja mtu kama sehemu ya rundo na kumhesabu mmoja mmoja. Vipimo vya kawaida vya maabara hutoa wastani wa mamilioni ya molekuli. Kitundu hupitisha moja, kikaandika alama yake, kisha kikapitisha nyingine. Itakuwa ajabu kubwa iwapo molekuli ya mkazi wa Soweto itatambuliwa peke yake, kwa uzito na umbo lake, ilhali mwenye molekuli ataendelea kuhutubiwa kwa lugha ya rundo.

Kazi ya kufanya ipo, tena si ya kusubiri ufadhili. Kila mwaka wanafunzi wa isimu na tafsiri huandika tasnifu kadhaa juu ya istilahi za kompyuta, nyingi zikinukuu orodha zile zile. Nusu yao wangeweza kuchukua fomu moja ya idhini iliyotafsiriwa, wakaenda nayo Lindi au Kawangware kwa ruhusa ya wahusika, wakaisoma kwa sauti mbele ya watu kumi, na kuwaomba waieleze upya kwa maneno yao. Neno lililowakwaza watu saba lifutwe. Neno ambalo walilibadilisha wote kumi kwa neno lile lile liandikwe, maana hilo ndilo istilahi. Redio ya kijamii ya Pamoja FM ilianzishwa Kibera mwaka 2007 kwa ajili ya mazungumzo ya namna hiyo, na kipindi kimoja cha hewani kingemfundisha mwanaistilahi mambo ambayo hatayapata kwenye makongamano matatu. Wahadhiri nao waache kuzikatalia mada hizi kwa madai kwamba "si Kiswahili, ni sayansi".

Na fomu hiyo ikisomwa, waende na daftari la maswali, wasiende na majibu pekee. Mama mwenye mtoto mgongoni hataanza kwa kuuliza nanomita ni nini. Atauliza kama damu hiyo inatosha au watarudi kutoa nyingine. Itapelekwa wapi, Mbagathi, Kilifi au ng'ambo. Itakaa huko kwa muda gani. Na jibu likipatikana, nani atarudi kichochoroni kumwambia.